Gundi na Amana ya Jirani

Mtoto akiazima kigari cha plastiki, kisha akaligandisha gurudumu lake mahali pasipo pake kwa supa gluu, msikimbilie asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Huyeyusha gundi, lakini plastiki nyingine huyeyuka pia. Kitieni kwenye friza usiku kucha. Asiye nayo amwombe jirani auzaye barafu. Baridi huifanya gundi ivunjike upesi. Asubuhi lizungusheni gurudumu polepole, bila kisu. Vidole vikigandana, viloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, wala msivivute. Kilichoazimwa ni amana. Na kimrudie mwenyewe kikiwa kizima, Inshaallah.