«Sikioni, Basi Hakipo»: Neno la Hatari

Kuna neno linalosemwa sana, hata na watu waliosoma: «Hizo chembe za ndani ya atomi ni hadithi tu. Nani amekwisha kuziona kwa macho?» Neno hilo si la kucheka. Linaua watu. Basi, tulipime.

Nakuuliza wewe usemaye hivyo: mwindaji akikuta nyayo za chui matopeni, je, atangoja kumwona chui mwenyewe ndipo aamini? Sivyo! Hutazama ukubwa wa wayo, kina chake na upande unaoelekea, akajua ni mnyama gani na amekwenda wapi. Wataalamu wa fizikia nao hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa katika karatasi nyeusi. Bamba likapata alama, ingawa nuru ya jua haikulifikia. Mwaka 1911 Wilson, Mskoti, alipiga picha za nyayo zenyewe. Katika chombo chake mlikuwa na hewa yenye mvuke iliyopozwa ghafula. Kila chembe yenye umeme iliyopita iliacha mstari wa matone madogo kama ukungu. Ukiweka sumaku, mstari hupinda, na kwa kupinda kule umeme wa chembe na nguvu ya mwendo wake hujulikana.

Tena, huko Manchester, Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa juu ya dhahabu nyembamba mno. Karibu zote zilipita. Chache sana zilirudi nyuma. Kwa hiyo mwaka 1911 mkuu wao Rutherford alitambua kwamba atomi ina kiini kidogo kizito. Arushaye mawe gizani hujua ukuta uko wapi kwa yale yanayorudi.

Utajibu: «Nyayo zaweza kudanganya.» Kweli, na ndiyo sababu hawaridhiki na shahidi mmoja. Pauli alitaja nyutrino mwaka 1930. Reines na Cowan waliipata mwaka 1956 tu. Huko CERN, chembe ya Higgs ilitangazwa mwaka 2012 baada ya vikundi viwili, kila kimoja na mtambo wake, kuona alama zile zile.

Sasa tutazame kwetu. Shinkolobwe, huko Katanga, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Mwaka 2004 serikali ilikataza watu kuchimba huko, lakini wengine waliendelea kuingia. Mionzi haina harufu, haina rangi, haiumi mkononi. Mchimbaji akisema «sioni kitu», hubeba jiwe mgongoni na vumbi lake kifuani. Mashine ya Geiger ikilia, yeye husema mashine yadanganya!

Ndugu, jicho lako si mwisho wa dunia. Wafundisheni watoto kusoma nyayo. Asiyekubali nyayo za chui, atakubali meno yake.