Bandari Ina Wenyewe

Wako wasemao kwamba merikebu za atomu ziliangushwa na ujinga wa wavuvi, nayo Mutsu ya Japani ndiyo hutolewa mfano. Neno hilo twalikataa, kwani ni dhuluma.

Agosti 1974 Mutsu ilitoka bandarini kwa majaribio. Wavuvi wa ghuba ile walipinga, wakihofia samaki na kombe wa baharini, ambao ndio riziki yao. Wakajibiwa kwamba hapana hatari. Tarehe 1 Septemba, mtambo ulipofikia asilimia 1.4 tu ya nguvu zake, mionzi haba ilipenya kinga. Ndipo wavuvi walipoifungia njia ya kurudi, ikaelea baharini zaidi ya siku 40. Wala kasoro ile haikuwa fumbo: kampuni ya Kimarekani iliyoukagua mchoro ilikwisha kuonya, isisikilizwe.

Basi mjinga ni nani: aliyeuliza, au aliyeonywa akaziba masikio? Mutsu haikupata kuchukua shehena ya biashara hata siku moja. Elimu haikushindwa na mvuvi. Ilishindwa na kiburi cha wajuao, waliodhani kwamba chombo chahitaji mtambo tu, wakasahau kuwa chahitaji na bandari, na bandari ina wenyewe.