Injini ya Mvuke na Lugha ya Fundi

Wazee wa pwani waliiita meli ya mvuke merikebu ya moshi. Waliitaja kwa kile walichokiona juu, ilhali moshi hausukumi chombo. Maji yakichemka na kuwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600, na msukumo huo ndio uendeshao pistoni, nayo ikazungusha gurudumu la makafi.

Injini ndogo kuukuu ya namna hiyo, iwezayo kuendesha mtumbwi, ingekuwa somo bora katika vyuo vyetu vya ufundi. Mwanafunzi akiifufua ataijua fizikia kwa mikono yake. Sharti langu ni moja tu: aelezwe kwa lugha anayoielewa barabara.

Huu si ushabiki wa lugha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa boila huua watu. Ndiyo maana boila kuukuu haliwashiwi moto kabla ya kujazwa maji baridi na kutiwa shinikizo kwa pampu, kupita kiwango cha kazi. Maji hayakubali kubanwa. Chuma kikishindwa, huvuja tu. Mvuke ungelipuka. Aliyekariri kanuni hii kwa Kiingereza bila kujua sababu yake ni hatari kwa wenzake.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mvuke na kafi ni vyetu tangu jadi. Pistoni na boila tumeshavikaribisha. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuvitumia. Je, walimu wenzangu, tutaendelea kuutazama moshi hadi lini?