Mtoto wa Kupokelewa Naye Ana Sheria

Mwenzetu ameandika kwamba familia inayompokea mtoto wa vita isibughudhiwe na sheria, eti desturi yatosha. Nakataa. Desturi ilimlinda mtoto pale shangazi na jirani walipojuana. Leo, ufukweni Baraka, mashariki mwa Kongo, mtu mzima akimshika msichana mkono na kusema "huyu ni mpwa wangu", nani anamuuliza karatasi? Boti inaondoka. Watoto wengine hupandishwa pikipiki hadi Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, wakabebe mchanga. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya 10 Januari 2009, inakataza kumuuza mtoto. Ile ya Desemba 2022 inaadhibu biashara ya binadamu. Tunachodai ni daftari la kila mtoto aliyepokelewa, na mtu wa kumtembelea. Wakuu wa mitaa wa Baraka, lianzisheni daftari hilo.