Ati Mtoto wa Nyoka?

Wanafunzi wenzangu, katika mjadala wetu wa juzi ilitajwa habari ya rubani Irene Koki Mutungi. Mvulana mmoja akasimama akasema, "Ah, huyo si babake alikuwa rubani? Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Ni kweli, babake aliendesha ndege za Kenya Airways. Tena nakubali jambo hilo lilimfaa. Msichana aliyezoea kumwona baba akienda kazini kurusha ndege haoni urubani kuwa muujiza. Lakini je, ni baba aliyemfanyia mitihani? Koki alianza kujifunza pale Wilson, Nairobi, kisha akaenda Oklahoma, Marekani. Mwaka 1995 akawa rubani wa kwanza wa kike katika shirika hilo, na kwa miaka sita hakuwapo mwanamke mwingine. Jamani, miaka sita! Kila kosa lake lingehesabiwa kuwa kosa la wanawake wote. Mwaka 2004 akawa kapteni, na kufikia 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787.

Methali ile yaniuma kwa sababu nyingine. Babangu ni fundi wa baiskeli. Kwa hesabu ya yule mvulana, mimi nikabidhiwe spana tu basi!

Wasichana wa Fizikia katika kidato chetu tuko wanne. Na huyo bwana wa nyoka, kila Jumatatu asubuhi, huja mbio kunakili kazi kutoka daftari langu.