Msamaha wa Rais nao uwe na utaratibu

Sikukuu za kitaifa zinapokaribia, hata Gereza la Maweni hapa Tanga husubiri tangazo la msamaha wa Rais. Tangazo huja na masharti: nani ametumikia kiasi gani cha kifungo, nani asihesabiwe kabisa. Waliofungwa kwa ubakaji kwa kawaida hawahesabiwi. Ila masharti hayo humbana mfungwa asiye na jina. Desemba 9, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimtaja mwanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, pamoja na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka wanafunzi wa shule ya msingi. Wakatoka. Rais hakuvunja sheria. Ibara ya 45 ya Katiba inampa uwezo huo, wala haimdai aeleze sababu au awasikilize walioumizwa. Kasoro iko hapo, na itabaki hapo akikaa Ikulu yeyote yule.

Wapo watakaosema mahakama nazo hukosea, na msamaha ndio mlango wa mwisho wa aliyeonewa. Ni kweli, tena kesi hiyohiyo inawapa nguvu: Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliona kuwa haki ya wawili hao kusikilizwa kwa usawa ilikiukwa katika baadhi ya mambo. Lakini hukumu hiyo ilikuja miezi mitatu baada ya msamaha. Kama Ikulu nayo ilikuwa imeona dosari, ilipaswa kuzitaja. Msamaha usio na maelezo humtoa mtu gerezani bila kumsafisha, na humwacha mzazi wa mtoto akijiuliza kama mwanawe alisadikiwa au la. Umewanyima wote wawili.

Majirani zetu Kenya walilitazama hili katika Katiba ya 2010. Ibara ya 133 inamtaka Rais afuate ushauri wa kamati yenye wajumbe wasiopungua watano wasio watumishi wa umma, na kamati inaruhusiwa kuzingatia maoni ya walioathirika. Rais wa Kenya bado anasamehe. Hasamehi peke yake tu.

Sisi hatuna haja ya kusubiri Katiba mpya. Ibara ya 45(2) inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya utaratibu wa kumwongoza Rais. Wabunge wa Tanga wapeleke hoja: sababu za kila msamaha wa mtu mmoja mmoja zichapishwe, na aliyetendewa uhalifu aitwe kabla, si asikie redioni.