Pete Yenye Vishimo: Usilaumu Shaba, Tazama Mrija

Msomaji, yamkini unaye kijana nyumbani aliyemaliza shule, akakosa kazi ya ofisi, akajitosa katika jua kali ya kusubu mapambo. Umemnunulia tupa, msumeno mwembamba na chungu cha kuyeyushia. Naye hununua makufuli mabovu na mifereji ya maji iliyochakaa, akaviyeyusha na kutoa pete na vikuku, kama wafanyavyo mafundi wa shaba wa Kibera. Kisha siku ya kupeleka oda inafika, na kati ya pete kumi, nne zinarudishwa. Zina vishimo vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Makaa yamekwisha, mteja amenuna, nawe umeanza kunong'ona kwamba heri angejifunza udereva.

Ngoja kwanza. Mwambie akuonyeshe pete moja mbovu kabla hajaikata mkia. Mkia huo ndio alama ya mrija, yaani ile njia iliyoachwa katika mchanga au plasta ili shaba iteremke hadi ndani ya kalibu. Aghalabu kosa liko hapo, wala si katika shaba.

Shaba ikiganda hunywea. Pete inapoanza kuganda huwa na kiu, na kiu hiyo haina budi kukatwa na shaba ambayo bado ni maji. Shaba hiyo yatoka wapi? Yatoka mrijani, na juu ya mrija katika lile bonge linalobaki mdomoni mwa kalibu. Basi mpango unaotakiwa ni huu: sehemu nyembamba za pete zigande kwanza, zifuatwe na sehemu nene, halafu mrija, na bonge liwe la mwisho kabisa. Mrija ukitangulia kuganda, pete hufungiwa mlango ikiwa na njaa, nayo hujila yenyewe kwa ndani. Vishimo ndivyo hivyo.

Kwa hiyo mrija uwe mnene kuliko sehemu iliyo nene zaidi katika pambo. Chukua mathalani pete ya muhuri ambayo uso wake una unene wa milimita 4 na utepe wake milimita 1.5. Vijana wengi huweka mrija wa milimita 2 nyuma ya utepe, kwa sababu hapo ni rahisi kupiga tupa na alama haionekani. Nakubali, ni rahisi. Lakini utepe utaganda kabla ya uso, na uso ndio unaotazamwa na mteja! Mrija wa milimita 5, ukiunganishwa ubavuni mwa ule uso, nje ya nakshi, utaulisha uso hadi mwisho. Kazi ya tupa itaongezeka, ndiyo, lakini nani asiyejua kwamba kupiga tupa robo saa ni nafuu kuliko kusubu upya?

Kuna na ujanja mwingine mbaya: kuubana mrija pale unapogusana na pete, mithili ya shingo ya chupa, ili ukatike upesi. Shingo hiyo huganda mbele ya kila kitu. Badala yake kiungo kipanuke kidogo na kiwe cha mviringo. Tena kona kali si nzuri, maana shaba ikipita kwa kishindo hubomoa mchanga na kuubeba hadi ndani ya pambo.

Kumbuka pia kwamba fundi wetu hana mashine ya kuizungusha kalibu ili irushe shaba kwa nguvu. Anategemea uzito wa shaba yenyewe tu. Mwenye mashine aweza kusamehewa mrija mwembamba, huyu hawezi. Mrija wake uwe mfupi na ulionyooka, na juu yake pawe na shaba ya kutosha kusukuma, kiasi cha vidole vitatu au vinne juu ya pambo. Ncha za mbali, kama za hereni ya jani, zitobolewe vijia vyembamba vya kutolea hewa, hasa katika plasta, ambayo haipumui kama mchanga. Kikuku chenye unene ulio sawa pande zote kipewe mirija miwili au mitatu. Mmoja hautakifikisha shaba ikiwa bado moto.

Wanaochonga kwa nta wana hesabu nyepesi. Pima nta pamoja na mirija yake, uzidishe kwa takriban 9 kwa shaba ya manjano, au 11 kwa fedha. Nta ya gramu 4 yataka shaba gramu 36, kisha uongeze ya lile bonge. Usilionee choyo bonge, kwani litarudi chunguni kesho.

Si kila tundu ni la mrija, lakini. Vishimo vyenye kingo za kuparuza vilivyokusanyika karibu na mrija au katika sehemu nene, hiyo ni njaa. Viputo vya mviringo vilivyotapakaa kote huletwa na unyevu wa mchanga au shaba iliyochemshwa kupita kiasi. Na hapo mzazi uwe mkali: zinki iliyomo katika shaba ya manjano huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe huleta homa jioni. Ayeyushie mahali penye upepo, na asimimine kamwe katika kalibu yenye majimaji, maana shaba hulipuka na kumrukia.

Sasa mpe jaribio. Asubu pete mbili za namna moja kwa shaba ya chungu kimoja, moja kwa mrija mwembamba uliowekwa nyuma na nyingine kwa mrija mnene ubavuni mwa uso. Akate nyuso zote mbili kwa msumeno, azisugue kwa msasa, muangalie pamoja mchana penye mwanga. Mkishaona, vipande vyote virudi chunguni. Mtakuwa mmepoteza makaa tu.